Waya wa Moto Hauna Joto

Jumatatu, 5 Juni 1995

Mwanamke mzima asiyejua kufunika moto wake usiku ni mwanamke wa namna gani? Nimemwuliza Kabula hivyo hivyo, usoni, leo asubuhi, kabla hajainuka kwenye goti la salamu. Mtoto mgongoni, kigae mkononi. Moto wake umekufa tena. Jana ulikufa. Juzi ulikufa. Mumewe Masanja ndiye fundi wa lile jenereta kubwa la wazungu wa misaada kule kambi ya wakimbizi. Anawasha ofisi na mahema ya wagonjwa, jikoni kwake giza. Nikamwambia na hilo. Akacheka. Hawa Wasukuma ukiwatukana wanacheka.

Nikampa kinga cha moto akaenda nacho. Hapa Kirushya jirani hanyimwi moto, hata kama mmegombania mpaka wa shamba. Marehemu mama alisema ukimnyima mtu moto umemwambia ahame. Lakini kuni siku hizi ni kama nyama. Wakimbizi wamekata vilima. Na sisi tumekata vilivyobaki, tusijifanye.

Deo kachelewa kwenda senta, kule madukani. Kitinda mimba wangu, ndiye aliyebaki nami, yeye na mkewe Verediana na wajukuu wangu watatu. Ananyoa watu kwenye barabara ya kambini. Mkasi na wembe. Sasa amepata mashine ya kunyolea ya umeme, amebadilishana na Mrundi mmoja kwa mikungu ya ndizi. Mwenye baa ana jenereta dogo, amemruhusu avute waya kutoka kwake.

Upuuzi. Wembe haujawahi kukosa petroli.

Jumatano, 7 Juni

Nimepeleka ndizi senta. Nimekaa kwa Deo kupumzisha mgongo. Masanja kapita na baiskeli, Deo kamsimamisha. Hakushuka. Mguu mmoja chini, mwingine kwenye pedali. Deo kavua kofia, kauliza kwa adabu: fundi, kwenye hizi waya mbili nijihadhari na nini?

"Waya wa moto usiuguse. Huo mwingine hauna neno."

Deo kasema asante. Masanja kapiga kengele, kaenda. Jogoo akiwika anachukua muda kuliko huo.

Sikupenda. Mtu akiulizwa njia hushuka, hata kama anayeuliza ni mlevi. Deo alifurahi lakini. Alirudia maneno yale njia nzima tukirudi, kama mtoto wa ekaristi. Waya wa moto usiuguse, waya wa moto usiuguse. Nikamwambia nyamaza, umenichosha.

Ijumaa, 9 Juni

Deo ameungua mkono.

Naandika kama Verediana alivyonisimulia kabla hawajaondoka, maana sikuwepo. Jenereta la baa lilikuwa linanguruma. Deo kazigusa waya zote mbili juu ya plastiki yake, kwa mgongo wa kidole, tunavyopima pasi. Baridi. Kamwambia mkewe: bado hazijapata moto, ngoja nizifunge upesi. Kachuna plastiki kwa wembe wake wa kunyolea. Kachuna huu, kachuna ule. Kazikusanya zote mkono mmoja ili azitengeneze ncha.

Mkono ukafumba. Haukufumbuka.

Hakupiga kelele. Alitetemeka, meno yakagongana, Verediana anasema aliyasikia. Wanaume wamejaa pale, wote mafundi wa mdomo. Mmwagieni maji! Mfukieni mchanga! Mpeni maziwa! Yustina binti Paulo alikuwa anapita, huyu anayejifunza umeme kwa Masanja kule misheni siku za Jumamosi. Kawasukuma wanaume, kakimbilia jenereta, kalizima. Mkono ukaachia.

Vidole vyeusi. Harufu siiandiki.

Hospitali ya huku imejaa wagonjwa wa kambini. Lori la mahindi limempeleka Biharamulo. Verediana kaenda naye. Wajukuu wananiuliza baba yuko wapi. Nimewafokea, halafu nimewapa uji.

Sikula.

Jumamosi, 10 Juni

Hakuna habari. Nimepalilia migomba yote ya chini, hata isiyohitaji.

Jumapili, 11 Juni

Baada ya misa Masanja kaja nyumbani. Kaleta sukari kwenye karatasi.

"Pole sana, Mama Deo. Lakini nilimwambia asiguse."

Lakini! Amekuja na sukari na lakini. Afadhali angekuja mikono mitupu. Sikumpa kigoda. Sukari kaiweka juu ya kisiki uani, ipo hapo hapo. Sisimizi wanakula. Washibe.

Ni kweli alimwambia. Nilisikia kwa masikio yangu. Hilo ndilo linaloniuma, sina pa kumshikia. Deo alionywa, Deo hakusikia. Ndivyo watu wanavyosema kisimani. Nimewasikia. Wananyamaza nikifika.

Jumatano, 14 Juni

Sasa nina pa kumshikia.

Yustina kaja kunisaidia kupura maharage. Kazi anaijua, mikono yake haichezi. Kaniuliza: "Bibi, Masanja alimwambia Deo maneno gani hasa?" Nikamtajia. Kaacha kupura. Nikamwambia sema, usinitolee macho.

Kasema hivi. Siku ya kwanza kabisa kwenye banda la ufundi, kabla mwanafunzi hajashika hata bisibisi, Masanja huwaweka mstari na kuwaambia: "Waya wa moto ni baridi kama nyoka. Kwa mkono hutaujua. Zima kwanza, pima kwa testa, ndipo uguse." Huwataka wayarudie maneno hayo kila Jumamosi mlangoni. Asiyeyasema haingii. Yustina kayasema mbele yangu bila kukwama, kama Baba Yetu.

Baridi kama nyoka.

Maneno hayo alikuwa nayo mdomoni! Yalikuwa tayari, yamepikwa, yamepakuliwa. Wanafunzi wake wanashiba kila wiki. Mwanangu kavua kofia kayaomba, kapewa maganda.

Nimekaa nikafikiri juu ya neno lenyewe. Kusoma nimesoma kisomo cha watu wazima tu, lakini neno nalijua. Kwa Kihangaza chetu moto wa jikoni tunauita umuriro. Kitu chenye joto kina neno lake jingine. Hatuyachanganyi. Kiswahili kina neno moja kwa yote. Moto wa kuni, moto. Chai ya moto. Pasi ya moto. Basi ukimwambia mtu wa huku waya wa moto, ataupima kama chai. Deo alitafuta joto, hakulikuta. Mwanangu si mjinga. Alikisikia Kiswahili kama kilivyosemwa.

Na Masanja alijua. Kama asingejua, asingewaambia wale habari za nyoka.

Nitamlipiza. Naandika hapa ili nisije nikapoa.

Alhamisi, 15 Juni

Kabula kaja alfajiri na kigae chake. Shikamoo Mama Deo. Sikuitikia. Moto wangu unawaka nyuma yangu, anauona. Nikamwambia: "Hakuna moto hapa." Kafikiri natania, kacheka. Nikarudia. Kicheko kikamfia mdomoni.

Kaenda kwa jirani wa pili. Nilishapita huko jana jioni. Kaenda kwa wa tatu. Huko pia. Wanawake wa kilima hiki wananijua, nimewazalisha karibu wote. Hakuna aliyempa. Kapanda hadi kwa mke wa katekista, nikasema moyoni huyu atanisaliti. Naye kamwambia moto umekufa, na moshi unatoka paani.

Jioni nimeona anawasha kiberiti chini ya nyasi mbichi. Moshi mtupu. Masanja kakaa kizingitini anangoja chakula. Fundi wa umeme!

Usiku huu nitalala vizuri, mara ya kwanza tangu Deo aungue.

Jumamosi, 17 Juni

Nimekwenda banda la ufundi la misheni. Nimevaa kitenge changu cha Pasaka. Nimewakuta mlangoni, wanafunzi watano mstarini, Yustina wa mwisho, Masanja mbele yao na bisibisi sikioni kama kalamu. Wakaniamkia wote. Nikawaitikia wao.

Nikasema nina swali moja, la mtu asiyesoma. Waya wa moto una joto? Wakacheka. Kijana mmoja kasema, "Ah, bibi! Ungekuwa na joto tungechemshia chai." Wakacheka tena. Yustina hakucheka. Nikawaambia chekeni vizuri, maana kuna mtu Biharamulo hakuambiwa, naye hacheki. Nikamgeukia Masanja. Nikamtaka ayaseme maneno ya nyoka. Akayasema, chini chini. Nikamtaka ayaseme na yale aliyompa mwanangu akiwa juu ya baiskeli. Hakutaka. Nikayasema mimi, na kengele nikaipiga kwa mdomo, kring kring.

Alijitetea, namwandikia haki yake. Kasema:

"Mama, hawa nasimama nyuma yao mpaka wamalize. Mtu wa barabarani nikimweleza yote atajiona fundi, atavuta waya mpaka kanisani. Namwambia kidogo ili aogope, asiguse kabisa."

Si maneno ya mpumbavu. Nimeyageuza njia nzima. Yupo mtu ukimfundisha kushika panga anakata mgomba wa jirani. Lakini Deo hakuuliza kama aguse. Alishaamua kugusa, kila mtu senta alijua, waya zilikuwa zimelala pale chini. Aliuliza ajihadhari na nini. Nikamwambia Masanja mbele yao: ukimpa mtu nusu ya neno, nusu ya pili ataitafuta kwa mkono.

Bisibisi ikamwanguka sikioni.

Nilidhani nitarudi nimepoa. Sikupoa.

Jumanne, 20 Juni

Dereva wa lori kaleta salamu za Verediana. Deo amekatwa vidole viwili. Kidole cha shahada na cha kati. Mkono wa kulia.

Ndivyo vidole vya mkasi.

Nimetoka nje nikasimama. Kuku wakanikimbia.

Kumwaibisha hakutoshi. Yeye ana vidole kumi. Mkewe ana vidole kumi. Nimefikiri mpaka nikapata la kufanya, na nimefurahi kulipata, naandika bila aibu.

Nimechukua kinga cha mkaratusi, kile kinachokaa na moto moyoni. Nimekichoma pande zote mbili. Upande mmoja unawaka wazi, mtu yeyote anauona. Upande wa pili nimeuzika jivuni mpaka umevaa kijivu. Ukiutazama utasema umelala tangu jana. Nimeukaribia kwa mgongo wa mkono, unauma kabla hujagusa.

Nimempelekea Kabula neno aje kesho kuchukua moto, yameisha. Atakuja. Atashika upande wa kijivu, ndivyo kila mwanamke anavyoshika kinga, upande uliokufa. Nami nitamwonya. Nitasema: chukua, ila upande wa moto usiushike. Sitakuwa nimesema uongo hata kidogo.

Halafu nitakwenda na sukari. Nitasema pole sana, lakini nilikuambia.

Jumatano, 21 Juni

Amekuja.

Nilikuwa nimekitengeneza upya kabla hajafika, kiko pembeni mwa mafiga, kinamngoja. Shikamoo. Marahaba. Mtoto mgongoni kalala. Amekonda, macho mekundu kwa moshi wa nyasi. Hakutukana, hakulalamika. Kapiga magoti, kaweka kigae chini.

Nikasema maneno yangu. "Chukua hicho hapo. Upande wa moto usiushike."

Kanyoosha mkono. Mimi natazama mkono tu. Vidole vile virefu, na pete ya bati.

Halafu kausimamisha. Kaniangalia. Kauliza: "Upande wa moto ni upi, Mama Deo?"

Swali la mwanangu. Sauti ileile ya mtu anayekuamini. Sijui aliona nini usoni mwangu. Pengine hakuona kitu, pengine ni adabu tu. Nilikuwa na mguu mmoja chini na mmoja kwenye pedali. Ningeweza kusema si unauona. Ningeweza kusema ule unaowaka. Kengele ilikuwa mkononi mwangu, ningeipiga nikaenda zangu.

Mtoto kakohoa.

Nikasema: "Pande zote. Pande zote zina moto. Ondoa mkono, mpumbavu we!"

Kauondoa. Kakitazama kile kinga, kanitazama mimi. Akaelewa. Kabula si mjinga, nilikuwa namwonea. Sijawahi kumwona uso ule, hauna kicheko kabisa. Nikamchotea makaa mwenyewe kwa koleo, mengi, nikamjazia kigae. Kasema asante. Kaenda hatua chache kasimama, mgongo kwangu. Nilijua anataka kusema kitu. Kampandisha mtoto mgongoni, kaenda.

Nimejitukana mchana kutwa. Chuki gani hii isiyoweza kumaliza kazi yake? Mwanangu hana vidole na mimi nachota makaa. Kile kinga nimekitia maji mpaka kikalia.

Lakini nimeona kitu, na hakitoki. Kumwambia hakukunichukua muda wowote. Maneno manne. Masanja alikuwa nayo muda huo. Alikuwa nayo tele. Sasa namchukia zaidi, na sasa najua nitamlipishaje. Sitaki vidole vyake. Nautaka mdomo wake.

Alhamisi, 22 Juni

Nimemwita. Kaja kwa miguu, baiskeli anaisukuma. Kumbe anaweza.

Nimemwambia malipo yangu. Siku ya gulio atasimama katikati ya gulio, juu ya kreti, na testa yake na waya zake na wanafunzi wake. Atawaambia watu wote habari za nyoka. Wenye baa, wanyoaji, wenye video, wakimbizi, kila mwenye jenereta na kila anayelitamani. Atasema kwa Kiswahili, Yustina atasema kwa Kihangaza, ili pasiwe na mtu wa kwenda kuupima kama chai. Na atasema jina la mtu ambaye hakumwambia. Atalitaja kwa sauti.

Kafungua mdomo. Nililiona lile "lakini" linapanda kooni. Nikalitazama. Akalimeza.

Kanieleza kwamba Kabula amemsimulia habari za kinga. Kasema, "Mama Deo, ungemchoma kweli?" Nikamwambia ndiyo. Namjibu kweli mimi, simjibu nusu.

Jumapili, 2 Julai

Deo yuko nyumbani tangu Ijumaa.

Mkono bado umefungwa. Anashika kikombe kwa kushoto, kinamcheza, chai inamwagika, mjukuu wangu mdogo anapangusa bila kuambiwa. Verediana amelala mchana kutwa leo, nimemwacha. Asubuhi nilimkuta Deo ameshika mkasi kwa kushoto, anakata jani la mgomba vipande vidogo vidogo. Vimepinda. Anakata tena.

Gulio lilikuwa jana. Masanja alisimama. Aliposema baridi kama nyoka watu walicheka, kuna mlevi akamwuliza nyoka gani, wa kuchoma au wa kuchemsha. Ndipo akalitaja jina. Deogratias, kinyozi, mwana wa Mama Deo, aliniuliza nikamjibu nusu. Deo alikuwa mbele. Hakuinua mkono, hakuna aliyemwambia ainue. Watu waliuona. Mlevi kavua kofia. Yustina kayasema kwa lugha yetu, polepole, na safari hii wazee wakaitikia kwa kichwa. Halafu mwenye baa akauliza swali. Halafu mwingine. Hawakumwachia Masanja mpaka jua linazama, koo likamkauka, na hakuna aliyempa maji. Nilikuwa nimewakazia macho.

Kabula anachukua moto kwangu kila asubuhi. Namchotea kwa koleo. Hatusemi mengi. Leo kacheka kidogo, nilipomwambia anafunika moto wake kama mtu anayezika kuku.

Sijamsamehe mumewe. Nikisema nimesamehe nitakuwa mwongo, na leo nimetoka komunyo.

Deo anasema Jumamosi atakwenda bandani, akae na wale vijana, aseme maneno mlangoni kama wao. Mke wa katekista anasema mtu wa vidole vitatu atashika nini. Mambo hayamhusu.

Kwa hiyo ni hivi, na kesho namtuma Verediana akayaseme haya kwa Masanja kama ninavyoyaandika. Deo aingie bandani, akae mbele. Masanja asimame nyuma yake mpaka amalize. Na barabarani, mtu yeyote akimwita kumwuliza habari za umeme, awe na kofia au hana, ashuke kwenye baiskeli. Aiegeshe. Ndipo afungue mdomo.